Nunu na maonyesho ya vitabu vya picha Mji Mkongwe: nimpeleke au ningoje akue?

Kutoka: Mama Nunu, Mbweni (Jumatatu usiku)

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kwengineko mliotia nanga Unguja kama mimi.

Kuna maonyesho ya vitabu vya picha vya watoto Mji Mkongwe, mwisho Jumapili. Nayataka sana. Tatizo ni kwamba Nunu ana miaka miwili na miezi mitatu, na baba yake yuko zamu hotelini Nungwi hadi Ijumaa. Kwetu Kizingo ningemwacha kwa mama nikatoka na mkoba wangu kama bibi harusi. Hapa sina mama, na jirani ninayemwamini ana watoto wake wanne.

Naomba mnijibu mambo haya tu. Kigari cha kusukuma kitapita? Nepi nitambadilishia wapi? Na mtoto huyu atatulia, au nitatolewa nje mbele za watu?

Kutoka: Baba Pacha, Kiembesamaki

Waaleikum salaam. Kigari kiache nyumbani, wala usikijadili. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilipimwa kwa upana wa punda na mzigo wake, na sasa ndani yake mna vespa, baiskeli, mkokoteni wa maji na watalii waliosimama kupiga picha milango. Sisi tulijaribu na kile cha pacha. Tulikwama kwenye pembe moja hadi mzee akatoka dukani akatuongoza kurudi nyuma kama anayeegesha lori. Ukifika salama, bado nyumba zina vizingiti virefu na ngazi zilizosimama wima. Mfunge mgongoni kwa leso.

Nenda saa tatu asubuhi, wakifungua tu. Ukisubiri saa tano joto limeshaingia, yeye ana usingizi, na adhuhuri iko mlangoni.

La kutulia sikuahidi. Nilipokuwa nasoma Japani tuliwapeleka wetu kwenye Chihiro Art Museum, Tokyo, makumbusho ya picha za vitabu vya watoto yaliyofunguliwa mwaka 1977 pale alipokuwa akiishi mchoraji Chihiro mwenyewe. Pale picha hutundikwa chini kuliko kawaida ili mtoto azione akiwa amesimama, na kuna chumba cha watoto chenye vitabu na vitu vya kuchezea. Mmoja wetu aliangalia picha mbili. Wa pili alilala chini akaangalia dari. Na hapo ni mahali palipotengenezwa kwa ajili yao! Hapa kwetu utakuta zimetundikwa kwa macho ya mtu mzima, kwa hivyo mikono yako ndiyo itakuwa ngazi yake. Kula vizuri kabla hujatoka.

Kutoka: Mwalimu mstaafu, zamani Malindi, sasa Bububu

Mimi nitakuwa mchawi wa harusi. Kwa nini maonyesho? Kitabu cha picha si mchoro wa ukutani. Kwa kawaida kina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa na kukunjwa tena ikatoa kurasa nane, kumi na sita, na kuendelea, na msimulizi anajua kabisa ni wapi mtoto atafunua ukurasa na nini kimruke usoni. Ukichomoa ukurasa mmoja ukautia kwenye fremu, umechukua kitasa ukaacha mlango. Mtoto wa miaka miwili anataka kufunua, kufunga, kufunua tena, na kutafuna pembe. Nauli hiyo nunua kitabu. Au nenda Maktaba Kuu pale Maisara, kuna sehemu ya watoto, na haiishi Jumapili.

Hata hivyo ukienda, usimsomee vibandiko vya maelezo. Walimu tuna ugonjwa huo.

Kutoka: Shemeji wa Mkunazini

Samahanini mimi si mgeni, mimi nimeoa kwenu tu, lakini mke wangu ameniambia nijibu.

Dada Mama Nunu, maonesho nimeyapita jana. Yako ghorofani, ngazi ya mbao, kamba badala ya mkono wa ngazi. Chini kuna baraza. Nepi mbadilishie hapo, tandika kanga (nyinyi mnaita leso, mimi siwezi kusema leso, kwangu leso ni kitambaa cha kufutia kamasi). Akilia hakuna atakayekutoa. Watoto wa skuli walikuwepo, makelele matupu. Kuna chumba cha pili, watu wengi hawakioni kwa sababu mlango uko nyuma ya ubao: kimetandikwa mkeka na vitabu vyenyewe vimemwagwa. Anza huko. Ukimaliza, Forodhani kuna pembea.

Kutoka: Mama Nunu (Alhamisi usiku)

Tumekwenda. Naandika nimelala chali.

Nilitoka hadi barabara kuu nikapanda daladala ya 505, na Nunu akafanya kile ambacho hamkukitaja hata mmoja: alilala garini. Mtoto aliyekatizwa usingizi mnamjua. Nilikaa naye barazani pale chini karibu nusu saa, muuza kahawa akamtia kashata mkononi bila kuniuliza, dunia ikatulia. Kwa hivyo ile saa tatu ya Baba Pacha ikawa saa nne kasoro.

Ushauri wa shemeji nao sikuufuata, nikaanza na ukumbi mkubwa. Nilitaka kuona mimi. Nimesema kweli.

Fremu zote ziko usawa wa kidevu changu. Nilimbeba. Mbuzi, kuku, mama anayekuna nazi, yote alinipita nayo haraka kama anayekagua sokoni. Kisha tukafika kwenye picha ya ngalawa, na bahari imepakwa manjano. Manjano ya binzari hasa, hakuna tone la buluu. Nunu akakaza macho.

"Maji wapi?"

Nikamwambia, haya hapa, ngalawa iko juu yake. Akaniangalia kama nimemdanganya. "Si maji." Akanyoosha kiganja chini ya fremu, akangoja. Alikuwa anapima kama kunadondoka! Hakuna kilichodondoka. Akataka kuona nyuma ya fremu, na hapo ndipo msichana wa zamu alipoinuka kwenye kiti. Nikaanza kuomba radhi kabla hajafika. Yeye akacheka tu, akatuonyesha ule mlango nyuma ya ubao.

Tulivua viatu. Na mwalimu, sikiliza, maana sehemu hii ni yako. Kile kitabu cha ngalawa kilikuwa pale mkekani. Nunu alikitambua kwa jalada, akakivuta, akafunua hadi akaifikia ile bahari ya manjano. Kisha akarudisha ukurasa mmoja nyuma: giza, taa ya karabai, mzee anasukuma ngalawa. Akafunua mbele: manjano. Nyuma: giza. Mbele: manjano. Kumbe ni alfajiri, jua linachomoza usoni mwa mzee na bahari yote imewaka. Hata mimi kule ukutani sikuwa nimeelewa, nilidhani mchoraji amependa rangi tu. Alifunua mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu, na kila ikitoka ile manjano alikuwa anafumba macho kama amemulikwa. "Maji" hakuyataja tena.

Kwa hivyo kitasa na mlango, ndiyo. Lakini kama tusingepita ukutani kwanza, angekifunua kile kitabu kama vyengine. Ile picha kubwa ilimtia swali, na mkekani akaenda kulitafutia jibu mwenyewe. Sidhani kama ningeweza kumpangia hivyo nyumbani.

Muda wote tuliokuwa juu haukufika dakika arobaini, na kumi zilikwenda ngazini. Kuteremka nilikaa kitako nikashuka ngazi moja moja na mtoto mapajani, mbele ya Waitaliano wawili, na sikuona haya. Nepi: baraza na leso, hakuna shida. Forodhani alikataa pembea, akataka kuangalia maji. Maji yalikuwa buluu. Aliyatazama muda mrefu sana na sura ya mtu asiyeridhika.

Mlio na watoto wadogo zaidi, jueni kwamba vitabu vya kurasa ngumu kama boksi, vile visivyochanika, kwa Kiswahili sikuona hata kimoja. Vilivyokuwepo ni vya karatasi nyembamba, na pembe za viwili vimeshaliwa na waliotutangulia. Anayekwenda Mombasa karibuni aniulizie vitabu kwenye maduka ya kule; nitalipa.

Jengine: tumerudi na ndara moja. Ya kulia ipo. Ni ya pinki, ina kipepeo.

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Bububu

Giza, manjano, giza, manjano. Nimesoma barua yako mara mbili. Jumamosi nakwenda, na mjukuu wangu ana umri huo huo. Ngazi ina kamba upande mmoja au pande zote mbili? Goti langu linauliza.

Kutoka: Shemeji wa Mkunazini

Upande mmoja, wa kushoto ukipanda. Mwalimu ukifika nipigie, nitakubebea mtoto.

Ndara ninayo. Ilikuwa chini ya mkeka, na ndani yake mna kipande cha kashata.