Kiingereza sekondari: ni elimu au ni geti la kuchuja watoto wa maskini?

Mleta mada:
Wakuu habari zenu, naomba hili tulijadili bila kutukanana. Hapa Tanzania mtoto wa kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, anasoma miaka 7 kwa Kiswahili, hisabati Kiswahili, sayansi Kiswahili, akiingia fomu wani tu kila kitu Kiingereza kasoro somo la Kiswahili lenyewe. Mwenzake wa inglishi midiamu, shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza tangu msingi, anaendelea alipoishia. Baada ya miaka 4 wanafanya mtihani mmoja, matokeo yakitoka tunasema huyu ana akili, yule kilaza. Mi nasema huu ni ubaguzi wa kitabaka na tuuite hivyo hivyo.

Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Ufaransa, alishalieleza hili, kwamba shule inachukua kile mtoto alichorithi kwao, namna ya kuongea, vitabu, kujiamini, inakigeuza cheti halafu inadai ni kipaji chake. Kinachoniuma zaidi ni kwamba anayeonewa naye anakubali. Muulize kijana aliyepata ziro, atakwambia mi kichwa changu kizito tu.

Ingia darasani uone. Mwalimu wa baiolojia anajaza notsi ubaoni kwa Kiingereza, anageuka anaeleza kwa Kiswahili maana asipofanya hivyo hakuna atakayemwelewa, anauliza tupo pamoja? darasa zima linaitikia yesi, msimamishe mmoja aeleze sasa, anatazama chini. Na swali lenyewe ni malaria inaambukizwaje, kitu ambacho nyumbani kwao angekueleza mpaka uchoke. Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil, alipinga elimu ya kumfanya mwanafunzi akaunti ya kuwekewa maarifa, ila huku kwetu hata hicho kinachowekwa mwenyewe hawezi kukisoma.

Na si kwamba hatukuambiwa. Tume ya Makweta, tume ya rais ya elimu, 1982 ilipendekeza sekondari ianze kutumia Kiswahili 1985, serikali ikakataa. 1984 watafiti kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakakuta Kiingereza cha wanafunzi wetu kiko hoi kabisa, bado wakashauri kiendelee kufundishia, na Waingereza wakaleta mradi wa kukiokoa. Sera ya elimu ya 2014 ikaruhusu Kiswahili ngazi zote. Utekelezaji uko wapi? Mahakama zenyewe sheria ilibadilishwa 2021 zitumie Kiswahili. Nani anafaidika shule zikibaki vilevile?

Mama wa Mbagala:
Kaka nakupinga. Mi nauza mitumba, na hela yote inaishia kwenye ada ya inglishi midiamu kwa sababu najua kazi zinapopatikana. Intavyuu wanauliza Kiingereza, haijalishi huyo Mfaransa alisema nini. Mkikitoa Kiingereza sekondari za serikali, watoto wa vigogo wataendelea nacho kwenye shule zao za kulipia, wa mwenzangu asiye na hela ndo atafungiwa nje moja kwa moja. Mnatutetea kwa kutunyang'anya.

Mwalimu wa Fizikia:
Nipo darasani kila siku, mleta mada hajadanganya. Swali nikiuliza kwa Kiswahili mikono inajaa, nikirudia lilelile kwa Kiingereza kimyaa. Ila vitabu vya fizikia vya Kiswahili vya kidato cha tatu na nne viko wapi? Na sisi walimu tumesomea hayo masomo kwa Kiingereza, msitushushie tu waraka Januari halafu mkatuacha.

Mleta mada:
Mwalimu uko sahihi, vitabu na semina vitangulie.

Dada yangu, hoja yako ndo nzito kuliko zote humu na watu wengi wa Kiswahili huwa wanaikwepa. Sisemi Kiingereza kifutwe, kifundishwe kama somo, tena na mwalimu anayekijua kweli. Lakini huyo mtoto wa kayumba unayemhofia, amefundishwa kwa Kiingereza miaka 4, akimaliza fomu foo anakiongea? Hakiongei, na fizikia nayo hana, kakosa vyote. 2016 tukashangilia ada ya sekondari za serikali kufutwa, mlango ukafunguliwa, ndani kaachwa peke yake. Mtihani wa darasa la 7 mbona unatungwa kwa lugha zote mbili, wa inglishi midiamu wana wao na kayumba wana wao? Wafanye hivyo na fomu foo, mtoto achague.

Mama wa Mbagala:
Hapo kwenye kuchagua nakusikiliza. Ila cheti kisioneshe kafanya kwa lugha gani, kikionesha tu mwajiri ataanza kuchuja hapohapo.