Tupeane uzoefu: chumba cha kulala Pwani kisicho na joto, ukungu wala kelele

Kusi_na_Kaskazi (mwenye uzi)
Wakuu, mafundi, wachora ramani na watu wa afya ya mazingira, karibuni. Tuongelee Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa, kule joto na unyevu vinakokuja pamoja. Tafadhali toeni vipimo, "inategemea" tumeshaichoka. Naanza na madirisha.

Kaskazi huvuma toka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini mashariki, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Kwa hiyo upande wa mashariki ndio mlango wa hewa karibu mwaka mzima. Tatizo huwa ni njia ya kutokea. Chumba chenye dirisha moja, hewa safi huishia umbali wa kama mara mbili ya kimo cha chumba. Dari ikiwa m 2.7, usitegemee zaidi ya m 5.5. Si lazima uongeze dirisha. Tundu la sm 30 kwa 60 juu ya mlango, lenye wavu wa mbu, linatosha kuanzisha mwendo.

Halafu hili la aluminiamu za kuslaidi. Dirisha la m 1.5 kwa 1.2 unalipia mita za mraba 1.8, hewa unapata 0.9, maana nusu moja daima imesimama mbele ya nyingine. Louva, lile dirisha la vioo vyembamba vinavyopinduka, hufunguka karibu lote, ndiyo maana nyumba za zamani za serikali zina nafuu. Na wavu uoshwe. Ukijaa vumbi ni sawa na kufunga dirisha.

Jua: Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, hivyo saa sita mchana mwezi Juni jua linapiga upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini. Dirisha la kaskazini lenye kimo cha m 1.2 linataka kanopi (kivuli kinachotokeza juu ya dirisha) ya sm 70. La kusini, sm 40 zinatosha. Magharibi sahau kanopi, jua la saa kumi linapita chini yake. Huko weka stoo, choo au mti.

FundiPaa
Umesahau bati, mkuu. Mchana joto linashuka kutoka juu. Bati jeupe au lenye rangi ya mwanga linarudisha jua. Lile la kijani iliyokolea au maruni linalopendwa sana linalinywa. Chini yake tandika karatasi ya foili, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: foili haifanyi kazi ikigusana na bati au dari. Iache nafasi ya hewa ya angalau sm 2.5, upande unaong'aa uelekee chini. Ukiuelekeza juu, vumbi litaufunika na pesa imeenda. Kisha toboa matundu ya hewa pande mbili za kenchi (fremu ya paa), yawe na wavu, joto la darini litoke.

Kusi_na_Kaskazi
Sawa, ila joto la usiku linatoka ukutani. Tofali la saruji la magharibi linakunywa jua kutwa na kulitema saa mbili za usiku, wakati bati limeshapoa. Ndiyo maana kitanda kisiegemee ukuta huo.

Chokaa_na_Boriti
Kwenye unyevu, msikimbilie rangi. Kwanza jua maji yanatoka wapi. Kata nailoni ya sm 50 kwa 50, ibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, usiache mwanya, ngoja siku mbili. Maji yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni unyevu wa hewa ya chumbani. Tiba ni mbili tofauti kabisa.

Yakiwa ya ukutani, angalia nje. Udongo au sakafu ya uani isipande hadi kufunika nailoni ya msingi, ile inayozuia maji ya ardhini yasipande ukutani; iache sm 15 chini yake. Mafundi wengi humwaga zege la ua likapita pale, na maji yakapata daraja. Sababu ya pili ni mchanga wa baharini kwenye lipu. Chumvi inavuta unyevu, rangi inavimba na kubanduka kila masika hata upake mara ngapi. Hapo bandua lipu yote hadi sm 30 juu ya alama ya mwisho ya unyevu, acha ukuta ukauke, piga upya kwa mchanga wa mtoni. Rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi ndiyo mbaya kuliko zote: maji yakikosa pa kutokea yanapanda juu zaidi.

Wa Mji Mkongwe na Lamu: kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, nazo hupumua. Msizipige lipu ya saruji. Inaonekana imara miaka michache, kisha inashuka na vipande vya ukuta.

Mpangaji wa Uswazi
Jamani, sisi wa chumba kimoja hatuwezi kubomoa lipu ya mwenye nyumba. Tufanyeje?

Afya_Mazingira
Dada/kaka, yapo mengi. Kabati na kitanda visogeze sm 10 kutoka ukutani. Ukungu mweusi hupenda nyuma ya kabati kwa sababu hewa haipiti. Godoro lisilale sakafuni, liwe juu ya chaga. Nguo mbichi zisianikwe ndani. Kipima unyevu kidogo ni bei nafuu: kikisoma zaidi ya asilimia 70 siku nyingi mfululizo, ukungu utakuja tu. Ukisugua kwa jiki, fungua dirisha, na usichanganye kamwe na siki au dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi ya klorini.

Jiko la mkaa lisilale ndani hata likionekana limezima. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inaua watu wakiwa usingizini. Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, kwa hiyo tundu la juu peke yake halisaidii. Linatakiwa pia la chini, sm 15 kwa 15, usawa wa sakafu, la kutokea nje.

Umeme_wa_Ndani
Taa. Dukani wanakupa balbu nyeupe ya 6500K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) bila kuuliza. Kwa chumba cha kulala omba 2700K, ile ya njano. Mwanga mweupe mkali usiku unachelewesha homoni ya melatonini, ndipo mtu analalamika hana usingizi. Mezani pa kusomea 4000K, ikupe kama lux 400 (kipimo cha mwanga unaofika) juu ya daftari. Asubuhi fungua pazia mapema. Mwili unapanga saa yake kwa mwanga huo.

AC: mashine ya ukutani inazungusha hewa ileile, haileti hewa mpya, kwa hiyo fungua madirisha kidogo kila siku. Chumba cha m 3.5 kwa 3.5 chenye dari na kivuli, BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) zinatosha. Ukifunga 18,000 inapoza upesi na kuzima kabla haijakausha hewa, unabaki na chumba baridi chenye unyevu. Iweke nyuzi 25 au 26.

Mpangaji wa Uswazi
Shukrani. Na muziki wa jirani? Kuna mtu kaniambia nibandike trei za mayai.

FundiPaa
Trei hazizuii kitu, zinapunguza mwangwi wa ndani tu, na zinashika moto upesi. Panda uchungulie darini. Nyumba nyingi za kupanga, ukuta wa kugawa vyumba umeishia kwenye dari na paa ni moja, sauti inapita juu kama haina ukuta. Mwombe mwenye nyumba apandishe tofali hadi kwenye bati na kuziba kwa lipu pande zote mbili. Akikataa, anza na mlango: mpira pembeni na chini. Lakini ukiuziba mlango, lile tundu la hewa alilosema mwenye uzi lisifunguke koridoni. Litoke uani.