Swali la programu huria mnaliulizia wapi? Nimekwama na daftari la dagaa

BintiMwaloni:
Habari za jioni wakuu. Najifunza mwenyewe Django, zana huria ya kutengenezea programu za wavuti, huu mwezi wa tatu. Natengeneza daftari la mauzo ya mama, anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Jana nimeongeza jedwali la magunia, programu ikagoma: "no such table: mauzo_gunia". Nikapiga picha kwa simu, nikaitupia kwenye grupu la WhatsApp la vijana wa kompyuta hapa Mwanza. Wa kwanza kajibu "Google ipo", wa pili kaweka tangazo la viwanja Buswelu, swali likazama. Je, nifungue tiketi (taarifa ya hitilafu) kwa watengenezaji wa Django wenyewe? Au nimwandikie mmoja wao barua pepe? Kiingereza changu ni cha kuombea maji.

FundiIgoma:
Dada, tiketi usifungue. Kule code.djangoproject.com ni kwa hitilafu za Django yenyewe, hiyo ni ya daftari lako. Wataifunga wakuelekeze kwingine. Barua pepe binafsi ndiyo kabisa usithubutu, wengi wao wanajitolea tu.

Nenda forum.djangoproject.com, jukwaa lao la maswali, sehemu ya Using Django. Na picha acha! Skrini imepigwa kwa simu, mwanga wa taa umekaa katikati ya maandishi, nani ataisoma? Nakili kosa lote, kuanzia neno Traceback hadi mstari wa mwisho. Bandika models.py (faili linaloeleza majedwali yako), taja toleo la Django, kisha amri ulizoendesha, moja moja, kwa mpangilio. (Hapo kwenye amri nina wasiwasi na wewe.) Kiingereza kisikutishe. Mimi swali langu la kwanza lilikuwa sentensi nne, mbili mbovu, nikajibiwa.

Nansio_Kwetu:
Kabla ya hapo pekua Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu. Ipo tangu 2008, kosa kama hilo limeshaulizwa humo. Ila ukiuliza upya kilichokwishajibiwa, swali linafungwa na unaonyeshwa la zamani. Usinune, lisome hilo la zamani.

BintiMwaloni:
Mrejesho. Niliandika kule, amri zote nikaziorodhesha. Mtu kaniuliza: baada ya makemigrations (amri ya kuandaa mabadiliko ya majedwali), uliendesha migrate (ya kuyatekeleza kwenye hifadhidata)? Sikuendesha. Jedwali sasa lipo, asante kaka Fundi, ulishanusa. Mama kaliona, anauliza mbona wanaonunua kwa ndoo hawamo.