Naomba ushauri: kliya (koti la juu la kung'arisha, lisilo na rangi) inatoa vitundu kwenye boneti ya gari

Wakuu, habari za jioni. Boneti napulizia rangi nyumbani, Nyegezi, Mwanza, karibu kabisa na Ziwa Victoria. Puti (ya kujazia mabonde) nimesugua kwa msasa 180 kisha 320, praima (koti la chini ya rangi) kwa msasa 600 wa maji. Rangi imekaa vizuri.

Shida ni kliya ya 2K, yaani ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha). Nachanganya 2 kwa 1 na hadena, thina asilimia 10, bunduki ya kupulizia ya tundu la milimita 1.3, presha baa 2. Koti la kwanza linang'aa kama kioo. La pili, baada ya dakika 5, linaacha vitundu kama vya sindano, hasa kingoni ambako kliya imekuwa nzito.

Nahisi thina ni ya haraka mno kwa jua la saa nane: juu panafunga ngozi, mvuke unabaki chini na kutoboa. Ila tangi la kompresa nalo lilitoa maji ya kutu. Usiku siwezi kupuliza, wadudu wa ziwani wanafuata taa na kunasa kwenye kliya.

Je, thina ya taratibu na kusubiri dakika 15 vitatosha, au nifunge kwanza kichujio cha kunasa maji kwenye hewa ya kompresa? Na vitundu vilivyopo, nisugue kwa 800 nipulize upya, au nishuke hadi praima?