Mrejesho: binti yangu na koti la mgongo

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa tatu niliwaomba ushauri: binti yangu wa miaka 13 ana skoliosisi, uti wa mgongo umepinda nyuzi 32. Alipewa koti gumu la plastiki avae saa 18 kwa siku, akawa analivua kwa siri na kanisani hataki kwenda.

Nilidhani ni ukaidi. Jioni moja nikamkuta anajaribu sweta la kaka yake huku analia kimya kimya, maana ukingo wa koti bado ulionekana kwapani. "Mama, darasani wananigonga mgongo kama mlango." Nilikaa naye sakafuni, nikalia pia. Miezi yote hiyo nilikuwa nauliza saa tu, yeye simuulizi.

Mlionishauri nimwone mwalimu wa malezi, asanteni sana. Binti mwenyewe alichagua kuwaeleza wenzake, akawaonyesha mikanda ya koti. Kugongwa kumekoma. Daktari naye alimweleza yeye, si mimi, kuhusu utafiti wa 2013 wa Marekani na Kanada: waliovaa koti, 72% walifanikiwa, yaani mgongo haukupinda hadi kiwango cha kuhitaji upasuaji; wasiovaa, 48%.

Sasa anavaa. Usiku mmoja mmoja bado analia. Eksirei nyingine ni Desemba.