Bima ya likizo ya nje: ya safari moja, ya mwaka, au ile ya kadi ya benki?

NyotaYaKusini
Wakuu, habari za humu. Mwezi wa saba naenda likizo na mama yangu wa miaka 67 na mwanangu wa miaka 9. Siku 16: Ufaransa, Hispania, kisha tunapanda feri kuvuka kwenda Moroko. Nina bima tatu za kuchagua. Moja ni ya safari hii tu. Nyingine ni ya mwaka mzima, ada yake imeizidi ya kwanza kidogo. Ya tatu inakuja na kadi yangu ya benki, silipi kitu. Nimesoma vipeperushi mpaka macho yanauma, na vyote vinaahidi "kinga kamili". Mama ana presha, anameza dawa kila siku. Naombeni msaada wa kuzipambanua.

Mzee_wa_Mizigo
Dada, anza na hiyo ya kadi, maana ndiyo inayoponza wengi. Mara nyingi haifanyi kazi mpaka tiketi uwe umeilipia kwa kadi hiyohiyo. Nyingine zina ukomo wa umri, na zipo zinazomkinga mwenye kadi peke yake. Ulizia kwanza kama mama na mtoto wamo.

Halafu kiasi cha kukitazama ni cha hospitali, si cha mizigo. Begi likipotea utaumia, lakini maisha yataendelea. Kulazwa ugenini chumba cha wagonjwa mahututi, au kurudishwa nyumbani kwa ndege ukiwa na daktari pembeni, kunaweza kumaliza akiba ya ukoo mzima. Isitoshe, kwa begi shirika la ndege lenyewe lina wajibu chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ingawa fidia yake ina kikomo. Limeharibika? Lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Limechelewa? Ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Na usitoke uwanjani bila kujaza fomu ya taarifa ya mzigo, kwa sababu hata watu wa bima wataidai.

MuuguziSafarini
Nakuomba sana, presha ya mama itaje. Itaje hata kama imetulia, hata kama fomu imeuliza juujuu.

Mimi nilisafiri na baba. Ana kisukari, hatukukisema kwa kuwa sukari ilikuwa imeshuka vizuri miezi mingi. Siku ya nne akaanguka bafuni hotelini. Nikawa nimesimama kaunta ya hospitali, simu sikioni, mkono mwingine umeshika viatu vyake, na mtu wa bima ananiuliza kwa upole kabisa: "Mzee ameanza lini dawa za sukari?" Nikasema kweli. Wakaomba kumbukumbu zake kutoka kwa daktari wake wa nyumbani, na baada ya wiki tatu barua ikaja: madai yamekataliwa. Deni lile tulilipa miaka miwili.

Ukishataja, soma jibu lao kwa makini. Kuna wanaoikubali presha kwa kuongeza ada, na hapo umelindwa. Kuna wanaoitenga, yaani wanalipa kila kitu isipokuwa kinachotokana na presha. Hilo la pili linasikika dogo, lakini kwa mama yako kiharusi na shtuko la moyo vinaweza kuingizwa humohumo, na hayo ndiyo hasa unayoyahofia. Bima ya hivyo kwake ni karatasi tu.

Kiguu_na_Njia
Naunga mkono. Kuhusu ya mwaka: inafaa kama utasafiri mara mbili au zaidi, ila kila safari ina ukomo wa siku, mara nyingi kama mwezi hivi. Siku 16 hazina shida. Angalia tarehe ya kuanza. Ukiandika ianze siku ya kuondoka, halafu mama akaugua wiki mbili kabla, tiketi na hoteli hazirudishwi, kwa sababu siku hiyo bima ilikuwa bado haijazaliwa. Ya safari moja kwa kawaida inakulinda ukilazimika kughairi safari, tangu siku uliyoinunua.

Kama mnaomba viza ya Schengen (ile moja ya kuingilia kundi la nchi za Ulaya, Ufaransa na Hispania zikiwemo), sharti ni bima isiyopungua euro 30,000, halali katika nchi zote za Schengen kwa muda wote wa kukaa. Bima nyingi zimeshonwa kutosha sharti hilo tu. Moroko haimo Schengen! Tazama eneo lililoandikwa kwenye hati.

Mzee_wa_Mizigo
Hilo la Moroko lilinipita kabisa, asante. Niongeze: uliza kila dai linakuachia kiasi gani cha kulipa mwenyewe kabla wao hawajaanza kulipa. Ada ikiwa ndogo mno, mara nyingi siri iko hapo. Na mkiibiwa, nendeni polisi siku hiyohiyo mkachukue ripoti. Bima nyingi zinataka iwe ndani ya saa 24.

NyotaYaKusini
Wakuu, nimeshinda kwenye simu leo. Ya kadi inaishia miaka 65, mama hayumo. Ya safari moja ni ya Schengen pekee, kwa hiyo tungeshuka kwenye feri tukiwa hatuna bima yoyote. Ya mwaka ni ya dunia nzima, na wamekubali presha ya mama kwa nyongeza, lakini wameniambia kwa mdomo. Nimewaomba waniandikie. Barua ikija nalipa, na tarehe ya kuanza itakuwa siku hiyohiyo. Namba yao ya dharura nimeshaiandika kwenye karatasi mbili, moja mkobani kwangu, nyingine ndani ya kisanduku cha dawa za mama.

MuuguziSafarini
Ipigeni kabla ya kulazwa, hali ikiruhusu. Wengi wanataka kuidhinisha hospitali kwanza. Mama akifika salama tuambie.