Tupeane uzoefu: maua ya majani ya rangi kwenye kivuli, Arusha na Moshi

Mleta uzi, Sakina
Wakuu, uzi huu ni wa wenye viwanja vilivyofunikwa na miparachichi, migrivea na migomba, ambako waridi halichanui na nyasi hazishiki. Kivuli hicho ni mali kwa mimea inayopendwa kwa majani yake: koliasi, kaladiamu, begonia za majani, kalathea, drasena. Kila mtu aandike anachopanda, kwa vipimo. "Maji kiasi" haimsaidii mgeni.

Naanza na kupima kivuli. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe chini, shika mkono sentimita 30 juu yake. Vidole vya kivuli cha mkono vikionekana kimoja kimoja, panda koliasi nyekundu na kodilaini. Ukiona doa lisilo na kingo, hapo ni pa begonia, kalathea na singoniamu. Usipoona kitu, weka masale (drasena ya asili) na kangaga. Kroton usiipeleke kivulini kabisa. Majani mapya yatatoka kijani kitupu, kwa sababu rangi yake inategemea jua.

Mdau wa Njiro
Chini ya mparachichi usilime kwa jembe. Mizizi yake ya kulisha iko juujuu, na ukiikata unafungulia njia magonjwa ya kuoza mizizi. Tumia vyungu au ndoo kuukuu zilizotobolewa matundu matano au sita. Mchanganyiko ni ndoo mbili za udongo wa juu, moja ya mboji au samadi iliyooza vizuri, na moja ya mchanga wa mtoni. Samadi mbichi huunguza mizizi. Urea nayo iacheni: koliasi itarefuka haraka, mashina yawe laini na rangi ipoe.

Koliasi ni ya kuanzia kwa kila mtu. Kata kipande cha sentimita 8 hadi 10 chini kidogo ya kifundo (panapotokea majani), ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu. Wiki mbili kinakuwa na mizizi. Kikifikisha majani sita, kata ncha ili kitawanyike. Kila kikonyo cha maua kikijitokeza, kivunje, maana mmea ukishazaa mbegu majani hudhoofika.

Mdau wa Moshi, Soweto
Dada wa Njiro, asante. Na ncha za drasena na klorofitamu kukauka rangi ya kahawia ilhali udongo una unyevu, hilo linatokana na nini?

Mdau wa Tengeru
Kaka, kama maji ni ya kisima, mtuhumiwa wa kwanza ni floraidi. Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yanayo kwa wingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Ndiyo hiyohiyo inayotia meno rangi ya kahawia. Mmea unainyonya pamoja na maji, maji yanatoka jani kama mvuke, floraidi inabaki na kujikusanya nchani mpaka sehemu hiyo inakufa. Ndiyo maana kuongeza maji yaleyale hakuponyi. Angalia jani kwa karibu: floraidi huacha mpaka mkali kati ya kahawia na kijani, mara nyingi na uzi mwembamba wa njano katikati. Mmea wenye kiu hulegea jani zima.

Wanaoumia zaidi ni drasena, kodilaini, klorofitamu na kalathea. Kuchemsha maji kunazidisha tatizo, kwa kuwa maji yanapungua na floraidi inabaki. Kuyalaza usiku kwenye ndoo huondoa klorini tu. Mbolea ya superfosfeti pia ina floraidi, msiitumie kwa mimea hii.

Suluhisho ni maji ya mvua. Bati la mita za mraba 20 likinyeshewa milimita 10 linatoa karibu lita 200, ukitoa kidogo kinachopotea. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, inaosha vumbi na vinyesi vya ndege. Kisha mara moja kwa mwezi mimina kwenye chungu maji ya mvua mara mbili ya ujazo wake, yatiririke yote chini. Ncha iliyokauka hairudi. Ikate kwa mkasi ukifuata umbo la jani, ukiacha milimita moja ya kahawia. Ukigusa kijani, kidonda kipya nacho kitakauka.

Mdau wa Usa River
Kaladiamu: Juni hadi Agosti baridi ya Arusha inaziangusha majani. Hazijafa. Punguza maji, acha viazi vyake ardhini au vihifadhi kwenye mchanga mkavu, joto likirudi uvipande tena sentimita 5 kwenda chini. Wenye watoto wadogo na mbuzi wawe makini, utomvu wake unawasha sana mdomo na koo.

Mdau wa Marangu
Msisahau masale, drasena yetu ya asili. Chini ya migomba yanastawi bila mbolea. Pingili ya sentimita 20, iache siku moja kidonda kikauke, chomeka theluthi yake, subiri mwezi mmoja hadi miwili. Ila pingili msikate kwenye mstari wa mpaka wa kihamba (shamba la nyumbani la Mchagga) kabla ya kumwambia jirani. Kwa Wachagga masale ni alama ya mpaka, na ndiyo yanayobebwa kwenda kuomba msamaha. Jirani akikuta yamekatwa, ana haki ya kuuliza.

Mdau wa Njiro
Naongeza wadudu. Matundu makubwa kwenye majani wakati wa masika ni konokono. Waokoteni usiku kwa tochi. Majivu huwazuia yakiwa makavu tu, mvua ikinyesha kazi imeisha. Pamba nyeupe kwenye vikonyo ni vidung'ata: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, nyunyiza jioni, rudia baada ya siku saba. Jaribuni kwanza kwenye jani moja la koliasi, maana sabuni kali huliunguza.